Miguu ya Mwalimu

4 Februari

Mdogo wangu Nyundo,

Kifurushi kimefika. Kamba haikukatwa, karatasi haikulowa, na dereva wa basi alinikabidhi mkononi kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. Ahsante. Sasa tuje kwenye makosa, maana miaka thelathini na minane ya ualimu haimtoki mtu kwa sababu tu amepewa saa ya ukutani akaambiwa akapumzike.

Viatu vinapendeza. Ngozi laini, mshono umenyooka, kisigino kifupi kama nilivyoomba. Lakini haviingii. Nimejaribu na soksi, nimejaribu bila soksi, nimejipaka poda, nimetumia mkia wa kijiko. Binti yangu alinisukuma kisigino mpaka akaketi sakafuni kwa kucheka. Kila mwaka unanishonea jozi moja, na hujawahi kunikosea hata kwa unene wa uzi. Mwaka huu umepima mguu wa nani? Kama macho yameanza kukuaga, sema. Sitakucheka. Nitakucheka kidogo tu.

Usinipigie simu. Sikio la kushoto lilishakufa na la kulia liko njiani. Nikishika simu nasikia kama watu wanakaanga kitu. Niandikie, na uweke nukta mahali pake.

Sisi ni wazima. Binti yangu bado yuko mapokezi pale hotelini, na bado tunakaa ghorofa ya tatu. Ngazi za jengo hili, nadhani mwenye nyumba huziongeza tukiwa tumelala. Darasa langu la watu wazima pale maktaba linaendelea, Jumatatu na Alhamisi. Juzi fundi bomba mmoja wa miaka sitini alisoma barua yake ya kwanza maishani, akaikunja, akaiweka kwenye kofia.

Msalimie wifi.

Dada yako,
Mwalimu


11 Februari

Dada Mwalimu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikampa mke wangu labda mimi sikuelewa. Akaisoma, akavua miwani, akasema, "Wifi anasema umezeeka."

Dada, nilianza kugonga viatu nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nimewashonea watu wenye vidole sita. Nimemshonea bwana harusi ambaye mguu mmoja ulikuwa mfupi, na wageni hawakujua mpaka leo. Halafu nikosee mguu wa dada yangu mwenyewe?

Nimeshusha kalibu yako kutoka rafuni, ule mguu wa mbao niliouchonga mwaka ulioanza kazi. Nimepima mara tatu. Kisha nikavipima vile viatu kwa kalamu na karatasi, maana nina nakala ya kila nilichokukatia. Ni vile vile vya mwaka jana. Ni vile vile vya mwaka juzi. Mbao hainenepi, Dada.

Hata hivyo nilikwenda kupimwa macho, kwa sababu umenitia wasiwasi. Mtu wa miwani akaniambia macho yangu yanaona mpaka dhambi za jirani. Basi sijui. Nimekukatia jozi nyingine, nimeongeza upana pande zote, nimeweka na kamba badala ya kifungo. Hivi vikikubana, nichoree mguu wako kwenye karatasi unitumie, kisha nitafunga duka nikauze karanga.

Huku wazima. Kuna kiungulia kinanisumbua kidogo, hasa nikibeba mizigo ya ngozi. Mke wangu ananifuatafuata eti nimwone daktari. Nimemwambia kiungulia ni kodi ya umri, kila mtu atailipa zamu yake ikifika.

Mdogo wako,
Nyundo


26 Februari

Nyundo,

Marahaba. Usifunge duka, lakini nunua karanga uanze kujizoeza.

Hivi vya pili ni viatu vya ajabu. Asubuhi nikiamka vinaingia, si kwa raha, lakini vinaingia. Ikifika saa tisa alasiri vinagoma. Nikivivua vinaniachia alama ya kamba mguuni, ndefu, kama mstari niliouchora kwa rula, na mstari huo haufutiki mpaka chakula cha jioni. Umetumia ngozi ya mnyama gani inayosinyaa jua likizama?

Uliomba nikuchoree mguu kwenye karatasi ili tumalize ubishi. Huo hapo, yote miwili, kulia na kushoto. Mchoraji ni binti yangu, kwa sababu mimi siku hizi nikiinama tumbo linanipandia kifuani na pumzi inakata. Ni uvivu wa kustaafu. Zamani nilikuwa naokota chaki arobaini kwa siku.

Safari hii soma karatasi, usisome mbao.

Mwalimu


5 Machi

Dada,

Shikamoo. Naomba uisome barua hii umekaa.

Nilipofungua karatasi yako nilidhani mpwa wangu amekosea bahasha. Niliiweka kalibu juu ya mchoro. Dada, mchoro ulitoka nje ya mbao pande zote, kidole kizima kila upande. Nimeshika miguu ya watu miaka arobaini na minne, najua mguu wa mjamzito, najua wa mlinzi anayesimama kutwa, najua wa mlevi. Mguu wa mtu mzima haukui. Na huu umekua.

Nilikuwa bado nimesimama nayo mlangoni alipoingia muuguzi wa zahanati ya hapa mtaani, mama mmoja mpole, anayeniletea viatu vyake vya kazi nimbadilishie soli. Akaniuliza, "Fundi, mbona umepauka?" Nikamwonyesha. Nikamwambia ni mguu wa dada yangu, ana miaka sabini na mmoja, na viatu vinaingia asubuhi, vinagoma jioni. Hakucheka. Aliweka mfuko wake chini akaniuliza, "Analala na mito mingapi?"

Nikashangaa. Mimi naonyesha mguu, yeye anauliza mto!

Akaniambia moyo ni pampu. Ukichoka kusukuma, maji yanabaki nyuma, yanashuka miguuni mchana kutwa. Mtu akilala yanapanda kifuani, ndiyo maana anaongeza mito ili apate pumzi. Akanipa maswali nikuulize, na nimeyaandika nyuma ya risiti nisiyasahau. Unalala na mito mingapi? Unapumzika mara ngapi ukipanda ngazi? Una kikohozi ukilala chali? Uzito umeongezeka ilhali huli zaidi? Ukibonyeza mguu kwa kidole, juu ya kifundo, shimo linabaki au linarudi upesi?

Akauliza na habari za wazazi. Nikamwambia baba alikufa mzee, na mama alikufa kwa pumu, alikaa kwenye kiti dirishani miezi mitatu anatafuta hewa. Akanitazama. "Miguu yake ilikuwaje?" Nikamwambia sijui, nilikuwa na miaka tisa. Wewe ulikuwa na kumi na minne, Dada. Wewe ndiye uliyemuuguza. Ilikuwaje?

Nenda hospitali. Si kesho kutwa. Nenda ukishaikunja barua hii.

Nyundo


12 Machi

Nyundo,

Nani alikutuma kutembeza miguu yangu mtaani kama tangazo la mnada? Kesho nitasikia umeibandika mlangoni.

Nakujibu kwa sababu umeuliza kwa nukta zake. Nalala na mto mmoja, tena mwembamba. Ngazi napanda kama kawaida. Sikohoi. Uzito sijui, sina mzani, na mwanamke wa umri wangu hana haja nao. Nimebonyeza mguu kama alivyosema huyo muuguzi wako, na hakuna shimo. Ni joto tu, na ni chumvi, napenda chumvi, unanijua.

Na usinitajie mama. Mama alikuwa na pumu. Hilo lilishakwisha.

Shona viatu au usishone. Nina sandali.

Mwalimu


14 Machi

Shikamoo Mjomba,

Mama hajui kama nakuandikia. Niko hapa mapokezi, wageni wameshaingia vyumbani, nina nusu saa.

Aliyokujibu yote si kweli. Mama halali na mto mmoja, hana mto kabisa. Tangu Desemba analala kwenye kiti, ameketi, kwa sababu akilala anahema kama mtu aliyekimbia. Ngazini anapumzika mara tatu. Ghorofa ya kwanza hujifanya anatafuta funguo. Ya pili hujifanya anasoma tangazo la maji ambalo limebandikwa pale tangu mwaka juzi. Nami nasimama naye nasoma tangazo. Sijui kwa nini nilikubali kulisoma muda wote huo.

Darasa la maktaba aliliacha Oktoba. Huyo fundi bomba alisoma barua yake mwaka jana.

Na alipobonyeza mguu nilikuwa nimekaa mbele yake. Kidole kilizama kama kwenye unga uliokandwa. Shimo likabaki. Alihesabu kimya kimya, nikaona midomo, akafika ishirini. Kisha akashusha gauni akaomba kalamu akujibu.

Lakini hilo si ndilo lililonifanya nikuandikie. Juzi nilitafuta kifungo, nikafungua kopo lake la vifungo. Chini kabisa kulikuwa na pakiti nne za vidonge, karibu vyote bado vimo, zimeandikwa jina lake na tarehe ya Agosti mwaka juzi. Dawa ya moyo, na dawa ya kutoa maji mwilini. Mjomba, mama alishapimwa. Anajua. Amejua mwaka mmoja na nusu.

Alinikuta nimezishika. Hakukasirika, na bora angekasirika. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Apa humwambii mjomba wako." Nikaapa. Nina miaka arobaini na mmoja, Mjomba, nikaapa kama mtoto wa darasa la pili. Imepita siku mbili na nimeshindwa.

Njoo. Mimi hanisikii, kwa sikio na kwa moyo.

Mpwa wako


19 Machi

Wifi yangu,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia jana saa nne asubuhi.

Barua ya binti yako ilifika. Nduguyo aliisoma akiwa karakana, akaiweka mfuko wa shati, akaja jikoni akaniambia, "Nipangie nguo mbili, nakwenda kwa dada." Nikamuuliza kuna nini, akasema, "Ananidanganya. Mwalimu ananidanganya mimi." Alikuwa mweupe midomoni. Nikadhani ni hasira.

Akarudi karakana kumalizia viatu vyako vya tatu, maana hakutaka kuja mikono mitupu. Mimi nikawa napiga pasi. Nilizoea mlio wa nyundo yake, Wifi, miaka yote hii hata siusikii tena. Ukakoma. Ndipo nikausikia.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, mkono wa kushoto ameukumbatia kama mtu aliyebeba paka mgonjwa, shati limelowa kama alimwagiwa ndoo. Nikamuuliza, "Nini?" Akasema, "Kiungulia. Kimepanda mpaka tayani. Nipe maji." Alikuwa anazungumza huku meno yamebanana. Nilipomshika shingo ilikuwa baridi. Nikapiga kelele sijui nilisema nini. Seremala wa jirani alikuja na gari lake la kubebea mbao, tukamlaza juu ya mbao zile zile, mimi nimeshika kichwa, tukaenda.

Ni moyo. Sikuelewa. Nilimwambia daktari, "Mmekosea mgonjwa, mwenye moyo ni dada yake." Daktari akanirudia taratibu: mshipa wa moyo umeziba, ule haukuwa kiungulia. Wamempitishia mrija mwembamba kutoka mkononi mpaka moyoni, wameufungua. Yuko hai. Amelala na nyaya kifuani, na ninapokuandikia bado hajasema neno.

Na sasa nikwambie lililonimaliza. Yule muuguzi mteja wake alikuja kumwona. Akaniambia siku ile ya mchoro wako alimpima na yeye presha, palepale karakana, akaona imepita kiasi, akamwandikia karatasi aende Jumatatu apimwe moyo. Alimwahidi. Jumatatu ilipita, ya pili ikapita. Nimeikuta karatasi hiyo, imekunjwa, ameiweka chini ya kalibu yako isipeperuke. Kazi ya nduguyo ilikuwa kuuliza watu wote wa mtaa huu wanalala na mito mingapi. Mimi aliniuliza mara mbili.

Wifi, sikulaumu. Nasema tu kilichotokea. Barua ya binti yako nimeikuta mfukoni mwake, nimeisoma. Nenda hospitali, siwezi kuwauguza wawili kwa mikono hii miwili.

Wifi yako


20 Machi

Nyundo,

Binti yangu ameniambia alichofanya. Alisimama mbele ya kiti changu akaniambia kwa sauti ya kumwamsha maiti, ili nisipate pa kujificha. Nimemnunia siku tano.

Na wewe umenyamaza. Nilitegemea barua ya matusi kufikia leo, maana basi linakuja kila siku. Unadhani ukininunia nitaogopa? Nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini na minane, nimenuniwa na mabingwa.

Vidonge ni vyangu, mguu ni wangu, kopo ni langu. Sitaki kuulizwa. Ukitaka kuandika, andika habari nyingine. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, tuone nani atachoka kwanza.

Mwalimu


29 Machi
Hospitali, wodi ya wanawake

Mdogo wangu,

Barua ya wifi ilinifikia saa chache baada ya kutuma ile yangu ya mwisho. Naomba kama haijasomwa ichanwe. Kama imesomwa, naona aibu.

Niliisoma nikashuka ngazi. Sikumbuki nilipumzika wapi. Nilifika mlango wa chini nina barua mkononi na sandali moja mguuni, nikamwambia mlinzi, "Nipeleke hospitali." Akadhani namwomba anipeleke kumtazama mtu. Nikamwambia, "Hapana. Mgonjwa ni mimi." Sijawahi kuyasema maneno hayo kwa sauti, Nyundo. Nilishtuka mimi mwenyewe kuyasikia, na mimi sisikii.

Wamenilaza. Kwa siku sita wametoa maji mwilini mwangu kilo saba. Kilo saba! Nilikuwa natembea na ndoo. Daktari anasema moyo umepanuka na umechoka, hautarudi kuwa wa msichana, lakini ukitunzwa una kazi bado. Jana nililala kitandani, kichwa kwenye mito miwili, nikalala mpaka wakaniamsha kwa chai.

Sasa nikwambie kwa nini nilificha, halafu nikwambie jambo lingine, na hilo la pili ndilo baya.

Mwaka juzi nilipopewa vidonge nilivinywa wiki tatu. Vile vya maji vinampeleka mtu msalani kila baada ya dakika chache. Siku moja nikiwa mbele ya darasa, nimeandika sentensi nusu ubaoni, sikuwahi. Nilisimama hapo mbele ya watu wazima kumi na tisa, viatu vyako vikiwa vimelowa. Hakuna aliyecheka. Mmoja akafungua dirisha akaanza kusema habari za mvua. Nilipofika nyumbani niliviweka vidonge chini ya vifungo. Ningerudi kwa daktari angenibadilishia saa za kunywa, ndivyo wameniambia hapa, jambo la dakika mbili. Sikurudi. Darasani nilirudi, lakini kila nikigeukia ubao nilihisi wote wanatazama sakafu, na mwishoni pumzi ndiyo iliyonitoa. Wewe nikakuandikia kama vile bado naenda.

Jambo la pili. Mama hakuwa na pumu.

Alipimwa. Nilikwenda naye mimi, nilikosa shule siku hiyo. Daktari alisema moyo, akampa vidonge kwenye bahasha ya kaki, akamwambia asiache hata siku moja. Unakumbuka alikuwa anashona kiwandani, kwenye mstari, na ukiinuka mara tatu kabla ya kengele unaambiwa usirudi kesho. Vidonge vilimwinua. Siku ya nne nilirudi mchana nikamkuta anavimwaga kwenye karo, anafungulia maji. Akaniona. Akanishika mikono yote miwili akasema, "Apa humwambii baba yako." Nikaapa.

Miguu yake ilikuwaje, uliniuliza. Ilikuwa kama hii yangu. Nilikuwa naikanda. Nilikuwa nabonyeza kidole nikitazama shimo linavyojaa taratibu, na nilijua ni kwa nini, na nikanyamaza miezi mitatu yote. Watu walipokuja wakasema pumu, nikasema ndiyo, pumu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, ningeweza kufungua mdomo. Baba angemtoa kiwandani kwa nguvu. Angeishi.

Miguu yangu ilipoanza kuvimba sikuhitaji daktari kuniambia. Niliitazama nikaona ni ya mama. Ndiyo maana sikutaka uione.

Binti yangu alivunja kiapo baada ya siku mbili. Nilimnunia kwa hilo. Sasa amekaa hapa pembeni ya kitanda ananimenyea chungwa, na sijui nimwambieje.

Nisamehe kama unaweza. Sitahesabu siku za kunijibu.

Dada yako


4 Aprili

Wifi,

Nduguyo ameanza kuzungumza na ametembea kutoka kitandani mpaka dirishani. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama gundi imefunikwa.

Barua yako niliifungua mimi, kwa sababu daktari amekataza mshtuko wowote. Nimeisoma nikiwa kwenye korido, nikakaa chini kwenye sakafu, mtu akaja kuniuliza kama nimefiwa. Sijampa. Kila asubuhi anauliza, "Mwalimu hajaandika?" nami namwambia basi limechelewa. Mimi ambaye sijawahi kumdanganya hata bei ya nyanya.

Nitampa atakaporudi nyumbani, nikiwa nimekaa naye. Hata ile ya kununa, uliyoomba ichanwe, sithubutu kuichana. Naona ukoo huu umeficha vya kutosha.

Wifi yako


22 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimerudi nyumbani siku kumi sasa. Nyundo kubwa nimekatazwa, natembea dakika kumi asubuhi na kumi jioni kama mlinzi wa benki, na nina vidonge vitano ambavyo mke wangu ananisimamia nikivimeza kisha ananiambia nifungue mdomo. Barua zako zote mbili amenipa. Ile ya kununa nimecheka. Ile nyingine nimeisoma siku tatu mfululizo.

Nilikasirika, nisikufiche. Nilikasirika mpaka mke wangu akaleta kipimo cha presha alichoazimwa na yule muuguzi. Si kwa sababu ulinyamaza. Ulikuwa mtoto, na aliyekuapisha alikuwa mama yako, ungemkatalia vipi? Mimi mwenyewe nina miaka sitini na sita, nimeandikiwa karatasi na muuguzi, nikaificha chini ya mguu wako wa mbao. Sina ubavu wa kumhukumu yeyote katika ukoo huu.

Nilikasirika kwa ajili ya paka.

Hujui habari hii, hakuna anayeijua. Mwaka ule nilikuwa na paka, yule wa kijivu, nilimwokota nyuma ya kiwanda. Mama alisema asiingie ndani. Nilikuwa namwingiza mchana mkiwa hampo, analala kwenye kiti cha mama, kile cha dirishani. Siku ya mazishi shangazi alikuwa anakung'uta kiti, akaona manyoya. Akaniita, akaniuliza, "Unajua manyoya ya paka humfanya nini mtu mwenye pumu?" Nikasema sijui. Akaniambia. Aliniambia polepole, kwa sauti ndogo, watu wasisikie. Jioni ile baba alimchukua paka kwenye gunia, na mimi sikulia, kwa sababu niliona ni haki.

Dada, nimeishi miaka hamsini na saba nikijua nimemuua mama yangu.

Sikumwambia baba. Sikumwambia mke wangu. Watoto wangu waliomba paka nikawaambia nyumba ya ngozi haifugi paka. Nilipoisoma barua yako mbele ya mke wangu, nikafika pale uliposema mama hakuwa na pumu, nikashindwa kuendelea. Akadhani ni moyo. Akakimbilia simu. Nikamshika gauni, nikamwambia, "Si moyo, si moyo, ni paka." Akaganda pale katikati ya chumba na simu mkononi, akidhani nimepotewa na akili. Basi nikamsimulia. Alianza kucheka, kisha akaniwekea kichwa chake begani akalia mpaka shati likalowa upya.

Hata leo sijazoea. Naamka asubuhi nakuta lile jiwe halipo, napapasa kama mtu aliyesahau alipoweka miwani. Najiuliza, kama si mimi, basi mtoto yule wa miaka tisa alinyamazia nini maisha yake yote?

Mwambie mpwa wangu alifanya vizuri. Kama hujui umwambieje, mwambie hivyo hivyo.

Daktari wako akikuruhusu kusafiri, panda basi uje. Chumba cha nyuma kiko chini, hakina ngazi hata moja, na mke wangu ameshatandika. Nimesoma barua yako mara nyingi, naijua kwa kichwa, na bado haitoshi. Wino ni wino. Nataka ukae mbele yangu, unitazame usoni, uniambie kwa mdomo wako kwamba hakuwa yule paka.

Mdogo wako,
Nyundo